Mashine imepoteza nguvu, nami namshuku shemeji yangu

Barua ya msomaji, ambaye ameomba jina lake lisitajwe:

Mzee wangu, shikamoo.

Mimi ni mjane wa miaka 38, naishi Mafia na wanangu watatu. Mume wangu alifariki mwaka juzi. Nilipotoka eda niliishika kazi yake: kununua pweza Jibondo, kuwaleta Utende kwa boti, kisha kwa gari hadi kwa wanunuzi wa Kilindoni. Boti yetu ni ya faiba, na mashine ni ya nguvu za farasi 15, ile ya kuchanganya petroli na oili. Marehemu aliinunua ikiwa mpya, na deni la kikoba lililobaki nimelimaliza mimi kwa jasho langu.

Nahodha ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Ndiye aliyesimama nami msibani. Wanangu wanamwita baba mdogo na mwanangu wa mwisho hali chakula cha jioni mpaka amwone.

Tangu mwezi wa tano mashine imebadilika. Kuwaka inawaka, kamba ya pili au ya tatu. Ikienda polepole inanguruma vizuri, huwezi kujua kama ina ugonjwa. Lakini shemeji akizungusha mkono mpaka mwisho, inakwenda kama dakika moja, pua ya boti imeinuka, halafu inaanza kulegea. Mlio unashuka, inatetemeka, pua inarudi majini. Siku nyingine inazima kabisa. Akipunguza, inajirudi. Kijana wetu baharia amezoea kukaa kando ya tenki akiibinya ile pampu nyeusi ya mpira iliyo kwenye njia ya mafuta. Akibinya inachangamka, akiacha inarudi kulekule. Safari ya nusu saa na kidogo sasa inakula zaidi ya saa. Bamvua mbili mfululizo, zile siku za maji makubwa, pweza wamefika barafu imeshayeyuka, na mnunuzi akanikata bei.

Nilimwita fundi. Aliiweka mashine kwenye pipa la maji, akaisikiliza, akabadilisha plagi. Akasema pistoni na ringi zimekwisha, nitafute milioni moja na nusu au nifikirie mashine nyingine.

Kabla sijapata usingizi juu ya hilo, mwenzangu wa kikoba alinivuta pembeni. Ameniambia nisikubali kuibiwa na wa nyumbani, kwamba nahodha anauza petroli yangu na kujazia mafuta ya taa. Nilipopiga hesabu niliishiwa nguvu. Zamani lita 20 zilitosha safari mbili za kwenda na kurudi. Sasa hazifiki mbili.

Nikamuuliza pale pale ufukweni, watu wakisikia: "Shemeji, mafuta yangu yanakwenda wapi?" Hakunijibu. Aliivua mkononi ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine, akaiweka juu ya ubao wa kukalia, akaondoka. Amerudi kazini kwa sababu mama mkwe alimwita na kusema naye, lakini tangu siku hiyo kati yetu ni salamu tu.

Nikisema ukweli wote, mwezi wa nne aliniomba hela ya mpira mpya wa mafuta, wa zamani ulikuwa umepasuka. Nilimwambia asubiri, nina ada za shule. Akajitafutia namna.

Mzee, nimwondoe nitafute nahodha mwingine? Nikope nimlipe fundi? Au niuze kila kitu nifungue genge? Nikimwondoa, nitawaambia nini wanangu?

Wako, Mama wa Pweza, Mafia

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa haya yaliyokuja juu yake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama mzee wa kusuluhisha watu. Mara ya pili na ya tatu niliisoma kwa masikio ya mtu aliyeishi miaka mingi na mashine za boti, mikono ikinuka petroli mpaka chakula kikakataa kupita. Nimeona mambo mawili yamefungwa fundo moja. Kuna mashine iliyopungukiwa nguvu, na kuna mtu uliyepungukiwa imani naye. Umeyapokea siku zile zile, kwa hiyo moja limekuwa ushahidi wa jingine. Naomba tuyafungue kidogo, tukianza na mashine, maana yenyewe haina undugu na mtu.

Umeandika jambo moja kama la kupita tu, nami hapo ndipo niliposimama: kijana akiibinya pampu ya mkono, mashine inachangamka. Mwanangu, fundi alisikia hilo? Kama aliisikiliza ndani ya pipa, nadhani hakulisikia. Kwenye pipa mashine haibebi mzigo kama inavyousukuma mwili wa boti baharini, na ugonjwa wako unatokea kwenye mzigo peke yake.

Mashine ikienda polepole inakunywa mafuta kidogo. Ukiifungulia yote, inataka mara nyingi zaidi ya hapo, na inayataka bila kukatika. Njia ya mafuta ikiwa na kizuizi, ule mwendo mdogo utaridhika, mwendo mkubwa utamaliza akiba iliyo ndani ya kabureta, pale mafuta yanapochanganyika na hewa, kisha utabaki na kiu. Dakika moja uliyoitaja inafanana sana na akiba hiyo kwisha. Kijana anapobinya, anaisaidia mashine kuyasukuma mafuta ambayo yenyewe imeshindwa kuyavuta. Pistoni iliyolika haiponi kwa kubinywa pampu. Sisemi kwamba fundi ni mwongo. Mashine inaweza kuwa na maradhi mawili, na ringi nazo huchakaa. Ninachosema ni kwamba dalili uliyonipa inanielekeza kwenye tenki, mpira na pampu kabla ya kunipeleka kwenye pistoni.

Anza na kitu ambacho hakina gharama. Kwenye kifuniko cha tenki kuna skrubu ndogo ya hewa. Ikisahauliwa imefungwa, au tundu lake likijaa chumvi, mafuta yanatoka hewa haiingii, na tenki linaanza kuvutana na mashine. Mashine ikishalegea, fungua kifuniko taratibu, sigara isiwe karibu. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, fyuuu, umeshampata mhusika. Nimeona watu wakifungua injini nzima kwa ajili ya skrubu hiyo.

Kisha uishike hiyo pampu mkononi mwako wakati mashine inalegea. Ukiikuta imenywea kama chungwa lililokamuliwa, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tenki: hewa, au kichujio kilicho mwisho wa bomba la kunyonyea kimeziba, au mpira wenyewe. Ikiwa haijanywea lakini bado kuibinya kunasaidia, itazame pampu ndogo ya mafuta iliyo kwenye mashine. Ndani yake kuna kiwambo chembamba, kikipasuka au kukakamaa hakivuti vizuri, na bei yake haikaribiani na ya pistoni. Ikiwa laini muda wote, haitaki kuwa ngumu hata ukibinya, huenda mahali fulani panaingia hewa. Hapo watu hudanganyika, wanatafuta tone linalodondoka. Kwenye upande wa kuvutwa, ufa unaweza kunyonya hewa ndani bila kutoa tone nje.

Sasa nikuulize kuhusu ule mpira. Shemeji alikuomba hela mwezi wa nne, hukuwa nayo. Mwezi wa tano mashine ikaanza kulegea. Alijitafutia namna gani? Wengi wetu tukikosa mpira wa mafuta tunakata wa maji, au wowote unaoingia. Petroli inaulainisha, unavimba kwa ndani au unajibana ukivutwa, na kwa macho ya nje mpira ni mzima. Sijauona mpira wako, kwa hiyo sitauhukumu. Wala sikulaumu kwa ada ya watoto. Mama gani angechagua tofauti? Lakini utazame, uubinye kwa vidole, uangalie kama pale unapoingia kwenye viungio umefungwa kwa kibanio cha chuma au kwa uzi wa nyavu.

Kama kubinya pampu hakutabadilisha kitu siku utakayokuwepo, basi kijana aliona lake na tutatafuta kwingine. Kabureta ina jeti, yaani vitundu vya kupitishia mafuta, zaidi ya moja: ile kubwa ndiyo inayolisha mwendo wa juu, na punje moja ya uchafu inatosha kuiziba huku mwendo mdogo ukibaki mtamu. Inasafishwa kwa dawa na hewa. Usikubali ichokonolewe kwa waya, tundu likipanuka hesabu ya mafuta imeharibika. Au ni moto wa plagi: mashine yako ina silinda mbili, na koili, kile kifaa kinachozipa plagi umeme, ikipata joto inaweza kuiacha silinda moja bila moto. Chomoa plagi zote mbili mara baada ya mashine kulegea na kuzimwa. Rangi ya kahawia ni afya. Moja ikiwa kavu na nyingine imelowa mafuta, silinda moja hailipuki. Zikiwa nyeupe, inaungua kwa mafuta machache. Na kama mlio ungekuwa unapanda juu huku boti haisogei, ningekuambia ni mpira wa ndani ya propela umeachia. Wewe umesema mlio unashuka, kwa hiyo hilo naliweka pembeni.

Hapa niseme kwa uzito. Mashine ya kuchanganya haina oili nyingine zaidi ya ile iliyo ndani ya petroli. Ikikosa petroli kwenye mwendo mkubwa, inakosa na kilainishi saa ile ile inayokihitaji mno, na hivyo ndivyo pistoni nzima inavyochomwa. Kwa hiyo kulazimisha moto wote huku kijana akibinya njia nzima kutakununulia lile tatizo la milioni moja na nusu hata kama leo huna. Mpaka ijulikane, iende mwendo inaoukubali. Nao mwendo huo una hatari yake: kwenda Jibondo mnapigana na upepo wa kusi, na mkondo wa maji kule haumngoji mtu. Mashine ikizima katikati, mna makasia? Mna nanga yenye kamba ya kutosha? Kama hamna, afadhali ukose pweza wa bamvua moja.

Tuje kwenye mafuta. Hesabu yako ya lita 20 ni ya kweli, nayo inauma. Lakini boti isiyoinua pua inakwenda ikiburuta maji, saa nzima badala ya nusu saa. Na silinda moja ikiwa hailipuki, mafuta yake yanatoka nje mabichi na moshi. Mashine mgonjwa inaweza kula tofauti hiyo bila mwizi. Inaweza pia kuwa kuna mwizi. Hesabu peke yake haitenganishi mambo hayo mawili.

Kuhusu mafuta ya taa, mwenzako wa kikoba ametumia kumbukumbu ya zamani. Uchakachuaji ulikuwa na faida kubwa wakati mafuta ya taa yalipokuwa rahisi. Katika bajeti ya 2011/12 Serikali ilipandisha kodi yake ili kuua biashara hiyo. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inatangaza bei kikomo kila mwezi; itazame ya mwezi huu, uone kama kuna mtu atajisumbua kwa tofauti iliyobaki. Ukitaka kupima, dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe. Safi itakauka upesi bila kuacha alama ya maana. Yenye mafuta ya taa itaacha doa la mafuta. Ila pima kabla oili haijachanganywa, maana oili inaacha doa lake yenyewe na utamtia mtu hatiani bure. Mimina pia kidogo kwenye chupa inayoonyesha, uache itulie: maji yakiwemo yatakaa chini. Doa au maji ukiyakuta, bado jiulize yametoka kwa nani. Mnanunua kituoni, au kwa mtu wa madumu?

Oili nayo ipimwe mbele yako. Kwa mashine nyingi za aina hiyo ni 50 kwa 1, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, lakini kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuatwa.

Sasa shemeji. Umeniambia alivyoivua ile kamba nyekundu akaiweka juu ya ubao. Nimemwona. Mtu mwenye hatia anaweza kunyamaza hivyo, na mtu aliyeaibishwa mbele ya wenzake anaweza kunyamaza hivyo hivyo. Wewe unamjua, mimi simjui. Katika miaka yote hii amewahi kukudanganya kwa kitu kidogo? Umewahi kumlipa akakurudishia iliyozidi? Na malipo yake je, mlipatana mashine na boti zinachukua fungu gani na yeye gani, au anafanya kazi kwa "tutaona"? Ndugu wengi wameharibikiana kwenye "tutaona". Anaweza kuwa hajaiba, na bado akawa na kinyongo kwamba mpira aliununua kwa hela yake na hakuna aliyemuuliza.

Ukimwondoa leo, unaweza kupata nahodha mzuri. Utampata pia akiwa na mashine ile ile na mpira ule ule, nayo italegea mkononi mwake. Hapo itajulikana kwamba aliyefukuzwa alifukuzwa kwa kosa la mpira, na neno hilo litafika kwa mama mkwe kabla hujafika wewe. Ukimbakiza bila kusema kitu, shaka itakaa nawe kila tenki linapojazwa. Kuuza kila kitu ni haki yako, ila mashine inayolegea inauzwa kwa bei ya mashine iliyolegea. Tena kama ilikuwa mali ya marehemu, wanao wana fungu lao humo. Onana na kadhi au mtu mwenye elimu ya mirathi kabla hujapokea hela ya mtu. Na kumlipa fundi milioni moja na nusu bila kipimo, hilo linanitia hofu. Mwombe apime mgandamizo wa silinda zote mbili kwa geji, akuonyeshe namba. Zikikaribiana na ziko juu, pistoni zako bado zina maisha. Moja ikiwa chini sana ya mwenzake, maneno yake yatakuwa na mguu wa kusimamia, na utakopa ukijua unachokopea.

Kuna njia nyingine ambayo ningependa uifikirie, ingawa itakugharimu kitu kigumu kuliko hela. Uende naye baharini. Asubuhi tulivu, maji yamejaa, ndani ya ghuba tu, boti tupu, jaketi la kuokolea mwilini, kamba nyekundu mkononi mwake. Umwambie kabla ya kupanda, nyumbani kwa mama mkwe ukiona vema: "Shemeji, nilikuuliza vibaya mbele ya watu. Swali langu bado ninalo, lakini nataka tulitafutie jibu pamoja." Hapo hujajishusha wala hujamsafisha. Azungushe mkono mpaka mwisho mara moja, kwa muda mfupi, wewe ukiwa umeishika pampu. Halafu azime, mtoe plagi, mtazame mpira. Hatari yake ipo: anaweza kukataa, au mkaligundua jambo ambalo linakuelemea wewe kuliko yeye. Na anaweza kufika pale akakuambia lile alilokuwa akilinyamazia, zuri au baya.

Kutoka siku hiyo, liwe liwalo, daftari likae kwenye boti: lita zilizoingia, safari, muda, zilizobaki. Aandike yeye, usaini wewe. Mafuta yakipungua tena mashine ikiwa nzima, utakuwa na hesabu mkononi na hutahitaji maneno ya kikoba.

Wanao usiwaambie kitu bado. Baba mdogo wao aje ale nao kama kawaida.

Ukirudi kutoka hapo ghubani niandikie tena. Nataka kujua pampu ilikuwaje mkononi mwako, ilinywea au ilijaa, na plagi mbili zilikuwa na rangi gani. Na umuulize kama ule mpira wa zamani uliopasuka bado anao; nahodha wengi huwa hawautupi.